Barabara ya Samora na Bustani Iliyo Mwisho Wake

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za barabara moja na bustani moja, zote mbili zilizomo katika mji wa Dar es Salaam. Barabara yenyewe ni ile iitwayo sasa Barabara ya Samora, yenye maduka na mabenki, na bustani ni ile ya mimea iliyo mwisho wake, upande wa mashariki. Huenda mtu akauliza, "Barabara moja ina habari gani hata tukaisikiliza jioni nzima?" Twamwomba mtu huyo astahimili kidogo. Akisha kusikia yote, na aamue mwenyewe kama tumempotezea wakati wake.

Sisi ni walimu wa chuo cha ualimu. Siku moja ya Jumamosi tuliwachukua wanachuo wetu pamoja na watoto wa shule mbili, moja ya Temeke na moja ya Kinondoni, twende tukajifunze historia kwa miguu badala ya kujifunza kwa ubao. Kabla ya kuondoka tuliwauliza watoto, "Tunakwenda wapi leo?" Watoto wa Temeke wakajibu kwa sauti moja, "Tunakwenda mjini!" Na wale wa Kinondoni, ambao hawakuwasikia wenzao, walipoulizwa na mwalimu wao walijibu maneno yale yale.

Jibu hili lilitupa fikira. Temeke ni sehemu ya Dar es Salaam, na Kinondoni vile vile. Mtoto aliyezaliwa huko amezaliwa mjini, na kila siku analala na kuamka mjini. Mbona basi asema kuwa anakwenda mjini, kana kwamba anatoka shamba? Neno hilo hakulitunga yeye. Amelirithi kwa wazazi wake, nao wamelirithi kwa wazazi wao. Asili yake ndiyo tuliyokwenda kuitafuta siku ile.

Tulikutana Mnazi Mmoja. Watoto wa Temeke walifika kwa daladala wakipitia Keko na Kariakoo, na wale wa Kinondoni walipitia Magomeni na bonde la Jangwani. Tuliwakalisha kivulini, tukawaeleza kwanza jinsi mji ulivyoanza. Zamani palikuwa hapa na kijiji cha wavuvi na wakulima kilichoitwa Mzizima, katika nchi ya Wazaramo. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, aliona kuwa bandari hii ni nzuri na tulivu, akaanza kujenga majumba yake, na mji ukapata jina la Dar es Salaam. Lakini mwaka 1870 Sultani huyo alifariki, na ndugu yake, Sayyid Barghash, aliyeshika utawala baada yake, hakuupenda sana mji huu. Majengo mengi yakabaki magofu. Wadachi walipofanya mji huu kuwa makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, badala ya Bagamoyo, walikuta mji mdogo uliolala.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo shina la mazungumzo yetu. Mwaka ule ule wa 1891 Wadachi walitoa amri ya ujenzi. Karibu na bahari, mtu hakuruhusiwa kujenga ila nyumba imara ya namna ya Kizungu. Amri haikuhitaji kusema, "Mwafrika asikae hapa". Ilitosha kutaja nyumba ambayo Mwafrika hakuweza kuigharimia. Baada yao Waingereza waliugawanya mji wazi wazi, mwaka 1924, katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza, yaani Uzunguni, ilikuwa ya majumba ya Kizungu. Sehemu ya pili ilikuwa ya biashara, na wengi waliokaa humo walikuwa Wahindi. Sehemu ya tatu, yaani Kariakoo na baadaye Ilala, ilikuwa ya Waafrika. Katikati paliachwa uwanja mtupu, usijengwe kitu, ili watu wa upande huu na wa upande ule wasikaribiane. Uwanja huo ndio huu wa Mnazi Mmoja ambapo watoto wetu walikuwa wameketi wakila mihogo yao.

Mtoto mmoja alitazama huku na huku, kisha akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, hapa ndipo palipokuwa mpaka?" Tukamjibu, "Naam, hapa hapa." Basi Mwafrika aliyekaa Kariakoo aliposema kuwa anakwenda mjini, alisema kweli: alivuka uwanja huu akaenda kufanya kazi kwa watu wengine, na jioni akarudi kwake. Watu walipozidi, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, vilipimwa viwanja vipya mbali zaidi, katika Temeke, Magomeni na Kinondoni. Waliohamia huko walikwenda na neno lao. Mwaka 1948 mji wote ulikuwa na watu karibu 69,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Sehemu kubwa kabisa ya watu hao wakaa mbali na Barabara ya Samora, na bado twasema, "Naenda mjini."

Baada ya maelezo hayo tuliondoka, tukafuata Barabara ya Uhuru, ambayo zamani iliitwa Kichwele, mpaka tukafika penye Mnara wa Saa. Mnara huu ulijengwa mwaka 1961, Dar es Salaam ilipopewa cheo cha jiji katika siku zile zile za uhuru wa Tanganyika. Hapo ndipo Barabara ya Samora inapoanzia upande wa magharibi. Tuliwaambia watoto watie maanani jambo moja. Mtu aanzaye hapa akaenda mashariki, kila hatua kubwa aipigayo yamrudisha nyuma katika miaka. Saa ni ya mwaka 1961. Katikati ya barabara iko sanamu ya mwaka 1927. Mwisho wake iko bustani ya mwaka 1893. Basi tukaanza safari ya kurudi nyuma.

Barabara yenyewe imebadili jina mara kwa mara. Wadachi waliiita kwa lugha yao "Chini ya Migunga", jina lililofanana na la barabara mashuhuri ya mji wao wa Berlin. Waingereza walipoutwaa mji, mwezi wa Septemba mwaka 1916, hawakuliacha mbali jina hilo. Waliigeuza lugha tu, wakaiita Acacia Avenue, yaani Barabara ya Migunga. Baada ya mwaka 1961 ikaitwa Barabara ya Uhuru kwa Kiingereza, Independence Avenue. Hatimaye ikapewa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji, aliyetawala tangu mwaka 1975 mpaka alipokufa katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986.

Hapo mwanachuo mmoja alisema kuwa jina hili nalo ni la mgeni. Tulimjibu kwamba ndivyo na sivyo. Chama cha FRELIMO, kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilianzishwa hapa hapa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Shule yao, iliyoitwa Taasisi ya Msumbiji, ilikuwa Kurasini, na Kurasini iko Temeke. Kiongozi wao wa kwanza, Dakta Eduardo Mondlane, aliuawa tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, katika nyumba moja ya Oysterbay, na Oysterbay iko Kinondoni. Baada yake ndipo Samora alipoongoza. Watoto walitazamana kwa mshangao. Walikuwa wakidhani kuwa historia yakaa katikati ya mji tu, na kumbe jina lililobandikwa katikati ya mji lina mizizi yake pembeni, kwao wenyewe.

Tulipita polepole mbele ya maduka. Katika siku za Waingereza, maduka mazuri ya barabara hii yaliwekwa kwa ajili ya watu wenye fedha, nao walikuwa wachache. Mwafrika wa kawaida alikuja huku kuwa mtumishi, karani, mpishi au mchukuzi. Leo kila mtu hupita: wafanya kazi wa benki, wauza magazeti, wang'arisha viatu, wauza simu, na wanawake wenye vikapu. Hata hivyo tusijidanganye kuwa swali la nani apite na nani akae limekwisha. Mwaka 1983, kwa sheria ya nguvu kazi, watu wengi waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa katika mji wakarudishwa mashamba, na mwaka 2021 wachuuzi waitwao wamachinga waliondolewa katika njia nyingi za mji wakapelekwa mahali pengine. Wako waonao kuwa njia zapasa kuwa safi na wazi, na wako waonao kuwa maskini naye hana budi kupata riziki yake pale wapitapo watu. Sisi hatukwenda kukata shauri hilo. Twasema tu kwamba ni swali la zamani, tangu ile amri ya mwaka 1891, na mtu asiyeijua historia yake atadhani limezaliwa jana.

Tukafika penye Sanamu ya Askari, mahali ambapo magari huzunguka. Ni sanamu ya shaba nyeusi ya askari Mwafrika, ameinama kidogo mbele, bunduki mikononi, na singe yake yaelekea bandarini. Aliyeifanya ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na ilifunuliwa mwaka 1927. Chini yake mna maandishi ya lugha tatu, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, kwa ukumbusho wa askari wenyeji na wapagazi waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Sanamu za kumbukumbu ya namna hii zimo pia katika miji ya Nairobi na Mombasa.

Lakini kabla ya askari huyu, mji huu ulikuwa na sanamu nyingine. Wadachi walisimamisha mwaka 1909 sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyeivunja vita ya Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka 1889. Katika sanamu ile Wissmann alisimama juu kabisa, na chini yake askari Mwafrika alimtazama kwa kuinua uso. Waingereza waliiondoa walipoutwaa mji. Baadaye ilirudishwa kwa Wadachi, ikasimamishwa katika mji wa Hamburg mwaka 1922, na huko wanafunzi wa Kidachi wenyewe waliiangusha mwaka 1967, ikasimamishwa tena, wakaiangusha mara ya pili mwaka 1968. Basi katika muda wa miaka 18 tu, tangu 1909 hata 1927, askari yule Mwafrika alitoka chini ya miguu ya bwana wake akasimama juu peke yake. Hii ni tofauti kubwa. Lakini aliyemsimamisha juu alikuwa bwana mwingine, naye alimsimamisha kwa sababu alimpigania vita vyake.

Wakati tulipokuwa tukieleza hayo, msichana mmoja wa shule ya Temeke, mdogo kuliko wenzake, alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, huyu askari jina lake nani?"

Tulinyamaza kidogo. Wissmann ana jina. Stevenson aliyefanya sanamu ana jina. Askari hana. Tulimwambia mtoto kwamba sanamu hii si ya mtu mmoja, ni ya wote. Naye akasema, "Basi hao wote majina yao yako wapi?"

Ndugu wasikilizaji, swali hili si la kitoto. Katika vita ile, kila askari alihitaji watu wa kumchukulia chakula, risasi na mahema, maana magari yalikuwa machache, na farasi na punda walikufa kwa ndorobo. Wanaume walichukuliwa vijijini kwa maelfu, na Wadachi kwa upande wao na Waingereza kwa upande wao. Waingereza waliwapanga katika kikosi cha wapagazi kilichoitwa kwa lugha yao Carrier Corps, na mahali walipokaa katika mji huu pakaitwa Kariakoo hata leo. Wanahistoria wakadiria kuwa wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kila mmoja alipewa jina na mama yake. Katika mji mzima, kumbukumbu yao kubwa ni neno Kariakoo, na watu wengi walitamkao kila siku wakienda sokoni hawajui kwamba wanawataja marehemu.

Kutoka hapo tuliendelea mashariki mpaka kelele za magari zikapungua, tukaingia katika Bustani ya Mimea. Watoto walifurahi sana kuona kivuli. Mna mitende ya namna nyingi, mna mijakaranda, na ile miti itoayo maua mekundu wakati wa Krismasi. Mahali pamoja hapo mtu aweza kusikia ndege katikati ya jiji. Wengi wa watoto wetu walikuwa hawajapata kuingia humo, na wanachuo wengine pia, ingawa wamepita karibu mara nyingi. Tulipowauliza sababu, mmoja alisema, "Nilidhani ni ya wakubwa."

Tuliwaambia habari zake. Bustani hii ilianzishwa mwaka 1893 na Profesa Franz Stuhlmann, mtaalamu wa mimea na wanyama, ambaye kabla ya hapo alisafiri bara pamoja na Emin Pasha. Haikuanzishwa ili watu wapumzike. Ilikuwa shamba la majaribio. Wadachi walitaka kujua ni mimea gani ya biashara iwezayo kustawi katika nchi hii ili ipelekwe Ulaya, nao walipanda hapa mbegu na miche ya nchi nyingi wakaitazama. Mwaka ule ule wa 1893, mtaalamu mwingine, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, katika Marekani. Njiani mingi ilikufa, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba makubwa ya mkonge ya Tanganyika, ambayo watu wa makabila mengi waliyafanyia kazi.

Basi mtu asidhani kuwa bustani ni maua tu. Mmea uliojaribiwa katika kipande kidogo cha ardhi uliweza kugeuka kuwa amri katika kijiji cha mbali. Mwaka 1902 serikali ya Kidachi ilianzisha mashamba ya pamoja ya pamba, katika wilaya ya Dar es Salaam kwanza na kisha katika wilaya za kusini. Watu walilimishwa kwa nguvu, na malipo yalikuwa kidogo mno, wengine hata wakakataa kuyapokea. Mwezi wa Julai mwaka 1905, katika Umatumbi, watu waliing'oa pamba, na hapo ndipo ilipoanza vita ya Majimaji. Kwa kadirio la baadhi ya wanahistoria, waliokufa katika vita ile na njaa iliyofuata walizidi 200,000.

Kandokando ya bustani yako majengo mengine ya kukumbukwa. Iko Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, na ambayo yahifadhi fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Uko Ukumbi wa Karimjee, ambamo Bunge la Tanganyika lilikutana. Na njia ipitayo hapo imepewa jina la Shaaban Robert, mshairi wetu, aliyefariki mwaka 1962. Watoto walilisoma jina hilo kwa furaha, maana walilijua kwa vitabu vyao. Mmoja alisema, "Huyu angalau jina lake lipo."

Tuliketi chini ya miti mpaka jua likapungua, kisha tukatoa kazi ya nyumbani. Tuliwaambia wote, watoto na wanachuo, "Nendeni mkawaulize wazee wenu kama katika jamaa zenu alikuwako mtu aliyechukuliwa kuwa askari au mpagazi katika vita ya kwanza. Mkipata jina, liandikeni." Hatukutumaini mengi, kwa kuwa miaka zaidi ya mia imepita. Baada ya majuma mawili tulipata majina manne. Moja lililetwa na yule msichana mdogo wa Temeke. Bibi yake alikuwa akilijua siku zote: ni mjomba wa baba yake, aliyeondoka Kisarawe na mzigo kichwani asirudi tena. Alipoulizwa mbona hakupata kulitaja, bibi alijibu, "Hakuna aliyeniuliza."

Majina hayo manne sasa yameandikwa katika daftari la shule, pamoja na vijiji vyao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaona kuwa neno hili si la wafanya biashara peke yao.

Basi, ndugu wasikilizaji, twawaomba mambo mawili. La kwanza, walimu mlio Temeke, Kinondoni, Mbagala, Ubungo na kwingineko, wapelekeni watoto wakaione barabara hii na bustani hii, wakaingie ndani, wakakae. Wafundisheni wasivunje matawi wala kutupa taka, maana mtu hukitunza kile akijuacho kuwa ni chake. Jambo la pili ni la wote, hata ninyi mlio vijijini, kwa kuwa wapagazi wengi walitoka kwenu na si katika mji. Waulizeni wazee kabla hawajaondoka, na mwandike.

Tulipokuwa tukiagana jioni ile Mnazi Mmoja, kondakta wa daladala aliwaita watoto, "Haya, Temeke, Temeke, tunatoka mjini!" Msichana mmoja akamwambia, "Kaka, hata Temeke ni mjini." Kondakta akacheka, akasema, "Haya basi, tunatoka mjini tunakwenda mjini, pandeni." Wakapanda wote.

Kwaherini.